Tetea wa Mama Mkwe

Nimeshika kisu mara nyingi, lakini hakijapata kuniaibisha kama juzi.

Mama mkwe wangu alimletea mke wangu, aliye mja mzito, tetea mkubwa kutoka kisiwa cha Chole, penye boma la Wadachi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nikamfunga katikati ya uwanja, watu wamwone. Siku ya tatu akagoma kula, akawa anajikamua, nyuma kumevimba. Mimi, mjuzi wa yote hapa Kirongwe, nikawatangazia majirani kuwa tumbo limeoza. Nikanoa kisu nimuwahi, asife kibudu.

Nimeshamwelekeza kibla, mara hodi! Mama mkwe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hebu mlete.”

Akampakata, akachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, akampaka taratibu huku akimbembeleza. Majirani wakasogea karibu. Ikachungulia ncha nyeupe, ikapanuka, kisha yai zima likateleza kiganjani mwake, linang'aa. Subhanallah! Machozi yakanilenga.

Akaniwekea yai mkononi, bado la moto. Kisu kikanidondoka.

“Siku tatu anatafuta pa kujisitiri atage,” akasema mbele ya wote. “Na mkeo, baba, akishikwa na uchungu, utamfunga wapi?”