Matope juu ya mabati

Tonton, mdogo wake mama, alikuwa mwalimu kabla ya kuchaguliwa mbunge wa jimbo. Mwaka wake wa kwanza bungeni alituletea mabati mapya, tukatupa majani yaliyokuwa yakivuja. Hatukuuliza yametoka wapi. Mtu aliyezoea kunyeshewa kitandani hana maswali.

Kisha redio ikasema amehukumiwa kifungo: alikula mabati ya shule za upande wa Ubundu. Mama akazima redio, na sote tukatazama juu. Nje, jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akimwita tonton mwizi kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. Niliwaona tayari polisi wakibomoa paa letu na kumchukua papa, baba yetu, pia.

Alfajiri papa alipanda na ndoo ya matope mekundu, akapaka paa lote mpaka likaonekana limezeeka.

"Wakiuliza, hii iko mabati ya zamani," alituambia akishuka. "Mumesikia?"

Mchana mvua ikaanguka, ile ya Kisangani isiyobembeleza mtu. Nilisimama mlangoni, matope yakishuka mbele yangu na mabati yakianza kung'aa. Nikainua macho nijue nani anatuona. Jirani wa ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni mwake, na maji mekundu yalikuwa yakichuruzika kutoka paa lake pia.

Mvua ilipokatika, alichukua ndoo yake ya matope bila kunisalimu.