Leta Pua

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka sokoni Roret amejipulizia marashi ya kopo, akanisogezea shingo mpaka karibu anipofushe. "Gogo, hebu nusa. Inanukia poa?" Nikasema inanukia, mama, enda salama. Lakini nilibaki kwa kiti changu nimeshika uteo wa maharagwe, sichambui tena. Mtu akiniambia ninuse kitu, mimi hurudi mtoto. Kunusa kulikuwa kazi yangu, wenzangu, kabla sijajua kazi nyingine yoyote.

Mimi si wa hapa kwa kuzaliwa. Niliolewa hapa na Mkipsigis, Mungu amrehemu, lakini kwetu ni Kisii, na nililelewa kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai upande wa Kericho. Shule sikukaa, nilijua kuandika jina langu, Kerubo, hayo mengine nimeyaokota kwa Biblia. Na nikuonye mapema: kwa Kikisii mama ndiye anaitwa "baba", jambo ambalo limewahi kuniaibisha kanisani nikitoa ushuhuda. Hapa baba ni baba na mama ni mama, tusipotezane.

Mama alichuma majani. Baba alikuwa mtu wa maua nyumbani kwa meneja. Huko, chini ya miti ya kivuli, kulikuwa na mmea wa majani mapana, yamelaliana kama sahani zilizooshwa. Wenyewe waliuita hosta. Sisi watoto tuliuita masahani. Ulikuwa wa aina mbili. Mmoja ulitoa ua jeupe, refu kama tarumbeta, linalofunguka jua likizama na kunukia mpaka barabarani. Wa pili ua lake lilikuwa zambarau, zuri ajabu, lakini ukilinusa ni kama kunusa kikombe kitupu.

Dada yangu Moraa, kifungua mimba wa nyumba yetu, ndiye aliyempelekea Baba uji. Alipenda lile la zambarau, akilichomeka kwa nywele. Siku moja akamwambia Baba, "Hili Mungu alilivalisha akasahau kulipaka mafuta. Si uwaozeshe hawa wawili?"

Baba akacheka mpaka uji ukampalia. "Na mahari atalipa nani?"

"Nyuki."

Alikuwa na mdomo, huyo.

Mvua kubwa iliyofuata, homa ilimkaza Moraa shingo, na hata wiki haikuisha. Barabara ya kwetu ilikuwa imekatwa na maji, hakuna mwenye lori aliyekubali, na maiti haingoji. Tukamzika kwa makaburi ya kampuni, nyuma ya mikaratusi. Kwetu mtoto huzikwa nyumbani, mahali mama yake anaweza kumwona hata akienda kumwaga maji ya vyombo. Mama hakulia sana pale. Alisema tu, "Nimemwacha mtoto wangu kwa mlango wa watu."

Baada ya hapo Baba akaanza kuozesha maua.

Mke wa meneja wa zamani alikuwa amemwonyesha jinsi. Asubuhi alikusanya unga wa ua la zambarau ndani ya kiberiti kitupu. Jioni, lile jeupe likitaka tu kufunguka, alilipasua kwa vidole, akauondoa unga wa hilo lenyewe, kisha akalipaka ule wa mwenzake kwa unyoya wa kuku, polepole, kama anayemtia mtoto dawa ya macho. Akafunga uzi hapo asilisahau. Mbegu zilitoka nyeusi na nyembamba, kama majani ya chai yaliyokauka. Alizipanda kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, akaipanga nyuma ya nyumba yetu, na kungoja kukaanza. Mmea ule hauna haraka. Mvua inakuja, mvua inaenda, wenyewe unakupa majani tu.

Alitaka ua moja: rangi aliyoipenda Moraa, na harufu juu yake, alipande kaburini. Akilipata hilo, alisema, tutarudi kwetu.

Sasa shida ilikuwa kwamba Baba hakuweza kunusa. Ugoro wa tangu ujana ulikuwa umemmaliza pua. Chapati ingeungua mbele yake akaendelea na hadithi. Kwa hivyo mche ukichanua mara ya kwanza, alianza na kile macho yanaweza: rangi, urefu wa shina, kama ua limeinamisha kichwa ama linatazama watu. Halafu angeita, "Kerubo! Leta pua!" Nami ningekimbia kutoka popote nilipo. Watoto wa laini walinibandika hilo jina, wakawa wananiletea soksi. "Leta Pua, hebu sema, hii ni ya nani?" Niliwatukana, lakini moyoni nilijivuna. Nani mwingine pale alikuwa na kazi ambayo mtu mzima ameshindwa?

Nilisema ukweli. Hili linanukia, lakini ni jeupe. Hili ni zambarau, halina kitu. Hili rangi yake ni ya maji ya kufulia, na harufu ni kidogo, kama ya mtu aliyepita kitambo. Lisilofaa alilitupa kwa shimo la mbolea, na jioni hiyo hakula. Kisha kiberiti kilitoka tena mfukoni.

Miaka ikaenda hivyo. Mama alianza kusema, kwanza pole, baadaye kwa kugongagonga sufuria. "Shamba letu linalimwa na shemeji zangu, nyinyi mko hapa mnanusa majani." Baba akafika mwisho wa kazi, na nyumba ya laini ikatakiwa. Akasema haendi. Atakodi chumba sokoni, awe karibu na kaburi na mikebe yake.

"Basi mimi na Kerubo tunaenda," Mama akasema. "Wewe baki umlinde aliyekufa. Aliye hai nitamlea."

Nilijua si maneno ya hasira tu, kwa sababu alipofunga vyombo, kikombe cha Baba na sahani yake aliviweka kando.

Mkebe mmoja ulikuwa umebaki ambao haukuwa umechanua. Siku zile zile ukatoa shina, na jioni kabla ya gari kuja, ua likafunguka. Zambarau. Refu, limeinua uso. Baba alilizunguka kama mtu anayemzunguka ng'ombe wa mahari. Safari hii hakupiga kelele. Aliniita kama anayeomba: "Kerubo. Leta pua."

Nikanusa. Nikazunguka upande wa pili nikanusa tena. Udongo, majani mabichi, bati la mkebe.

"Hakuna kitu, Baba."

Aliketi palepale kwa matope, na suruali yake ya kanisa. Hapo Mama akatoka jikoni na unga wa ugali mikononi. Mama hakuwa ameinamia yale maua hata siku moja. Akanisukuma kando kwa nyonga, akainama, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda.

"Linanukia," akasema.

"Kerubo anasema..."

"Kerubo ana mafua."

"Sina mafua!"

"Nyamaza. Una mafua."

Baba akamtazama kutoka pale chini. "Mama Moraa. Linanukia kama nini?"

Mama alijipangusa unga kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Kama kichwa chake," akasema. "Nikishamsuka, nikampaka mafuta."

Baba akalia, na Mama akakaa kwa matope naye.

Asubuhi Baba aliugawanya mmea kwa kisu. Nusu akaipanda kaburini, nusu tukaibeba kwa mkebe, juu ya magodoro. Tulipopita mikaratusi Baba hakugeuka. Aliyegeuka ni Mama.

Nilimkasirikia Mama miaka mingi. Alinifanya mwongo mbele ya Baba na akaninyang'anya kazi, maana Baba hakuniita tena. Kule nyumbani ua likifunguka, aliuliza kutoka kitini, "Mama Moraa, linanukia?" Naye aliacha alichokuwa akifanya, akainama, akavuta hewa. "Mmh. Leo sana." Hata mgongo ulipoharibika. Nikija kuwatembelea na mtoto wangu mgongoni, nilimkuta ameshika ukuta kwa mkono mmoja ili aweze kufika chini. Nikaanza kufikiri labda ni mimi niliyekosea. Nikaenda peke yangu, nikanusa. Hakuna kitu.

Pua ya mtoto inajua harufu. Haijui kwamba mtu anaweza kukwama kaburini akiwa hai, akingoja tu mtu mwingine amwambie yatosha.

Baba alikufa mzee, tukamzika kando ya nyumba yake. Kesho yake, waombolezaji wameenda, ua lilikuwa limefunguka pale mlangoni. Mama alitoka na ndoo kwenda kisimani. Alipita karibu nalo sana, mpaka leso yake ikaligusa, likatikisika.

Hakuinama.