Neno Alilolitorokea Odhiambo

Nakumbuka siku tuliyomzika baba, hapo nyumbani karibu na Rodi Kopany, miaka ya tisini. Mama alikuwa ametangulia. Miaka ile, mwanangu, makaburi mapya yalikuwa mengi mno huku kwetu, na kila mazishi yakiisha swali lilikuwa ni lile lile: watoto waende wapi?

Siku hiyo mtoto alikuwa mimi. Nilikaa chini karibu na dani, bibi yangu mzaa baba, nikiwasikiliza wazee wakitafuta mahali pa kunipeleka. Nilikuwa msichana wa darasa la saba, na niliogopa sana, usione ninavyofoka leo. Mzee mmoja akamgeukia Odhiambo, mtoto wa kaka ya baba, aliyekuwa na kazi na chumba Migori.

"Odhiambo, huyu binti unaweza kumchukua asome?"

Odhiambo akakohoa. "Mzee, shida yenu naielewa. Lakini huyu ni kazin yangu tu. Mimi nina mke na mtoto mchanga."

Kazin! Tulikuwa tukiongea Kijaluo kitupu tangu asubuhi, akaenda kulichomoa neno hilo la binamu kwenye Kizungu, kwa sababu Kijaluo hakikumpa mahali pa kutorokea. Wallahi, liliniuma kuliko udongo ulivyolia juu ya jeneza.

Dani hakupandisha sauti. Alimuuliza tu, "Huyu tuliyemzika leo, wewe ulikuwa ukimwita nani?"

"Baba," akasema Odhiambo. Na ni kweli, kwetu ndugu wa baba ni baba.

"Basi baba yako amekufa, ameacha binti. Huyo binti ni nani kwako?"

Odhiambo akafunika uso kwa viganja, akalia kama ambavyo hakuwa amelia kaburini. Alipoinuka alinijia mimi, si wazee. "Nyamera," akaniambia, yaani dada yangu, "funga nguo zako."

Tuliishi wanne chumba kimoja, leso ikiwa ndiyo ukuta wangu, na kuna siku omena, dagaa wa ziwani, haikututosha. Sikuwahi kusikia tena neno lile kinywani mwake. Nililikuta shuleni. Mwalimu wa Kiingereza alitueleza kwamba limetoka mbali, Kilatini huko, na kwamba hapo mwanzo lilimaanisha mtoto wa dada ya mama. Nikajiambia, ala! Kumbe hata kwa wenyewe lilizaliwa ndani ya udugu, ni safari tu iliyolipunguza.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi Kizungu. Mgeni akikuuliza, mwambie kazin, aelewe, yaishe. Lakini mwenye dhiki akisimama mlangoni pako, usiende kuchagua neno la kumpunguza. Udugu ni kufaana, si kufanana. Jiulize kwanza baba yake ulimwita nani, na mama yake ulimwita nani, kisha ufungue mlango. Utabanana, ndiyo. Sisi tulibanana na hatukufa.

Mungu akupe nyumba yenye nafasi, na isipokuwa na nafasi, akupe moyo wa kusogea. Na siku utakayobaki peke yako kando ya kaburi, asikosekane mtu wa kukwambia, ndugu yangu, twende nyumbani.