Mafundi Sita, Cherehani Moja

Mke wangu anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mtaa mzima unamwita Kiwanda. Jina hilo alijipa mwenyewe mtandaoni, watu wakalichukua kama lilivyo.

Kiwanda chenyewe ni cherehani moja ya umeme, meza iliyokuwa ya kulia chakula, pasi, na mimi. Kazi yangu hasa ni kupaka rangi nyumba za watu. Siku ambazo hakuna ukuta wa kupaka, nakata nyuzi, nanyoosha kola, nashona vifungo. Kuongea na wateja ndiyo kazi nisiyoiweza. Mteja akiniuliza suruali ya mwanawe itakuwa tayari lini, natazama vidole vya miguu yangu mpaka mama watoto atokee.

Yeye ameumbwa vingine. Mwaka juzi aliona wateja wakubwa, wale wanaoagiza sare za darasa zima, wanampita mlangoni na kwenda kwa wenye maduka. Akaniambia watu hawapeleki kazi kubwa kwa mtu mmoja, wanapeleka kwa kampuni. Basi tukawa kampuni. Aliazima cherehani mbili kwa shangazi yangu, aliyeacha kushona kwa sababu ya macho, na mbili kwa jirani tunayepakana naye ukuta. Pamoja na yake zikawa tano, akazipanga mstari mmoja ili azipige video. Tatizo likawa watu wa kuzikalia.

Watu hao wakawa mimi. Kwa kuwa nilikataa katakata kuonyesha uso, alinikalisha kwenye kila cherehani nikiwa nimeipa simu mgongo, kila mara kwa shati jingine. Mwenye shati la mistari alikuwa fundi wa mashati, wa buluu fundi wa suruali, wa kijani fundi wa sketi. Shati la nne lilikuwa la marehemu baba mkwe. Kwa mbele halikufunga hata kifungo kimoja, ila kwa nyuma lilikaa vizuri, nikawa msimamizi. Fundi wa tano alikuwa shangazi, akiwa na kopo la vifungo mapajani, na wa sita ni mke wangu. Akaviunga vipande, akatia muziki, akaandika chini: "Mafundi wetu sita kazini."

Uongo ule ulitulisha. Shule moja iliagiza mashati, nyingine kaptula, na ya tatu, ambayo alikuwa ameibembeleza miaka miwili, ikaagiza sketi arobaini.

Sasa, mke wangu si mjinga. Alikuwa amekata bima ya vifaa vya kazi ya nyumbani, na kwenye fomu alijaza ukweli mtupu: cherehani moja, fundi mmoja. Nilipomuuliza mbona huku tuko sita na kule ni mmoja, alinijibu kwamba mtandaoni watu wanatarajia mambo yatiwe chumvi, lakini fomu ina sahihi chini yake.

Wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, maji yalikatika, na jirani wa ghorofa ya juu akaondoka akiwa ameacha bomba wazi. Maji yaliporudi yalishuka kwenye dari yetu, na katika chumba kizima hayakuona pa kuangukia ila juu ya cherehani. Mota ikaungua. Sketi arobaini zilikuwa zimekatwa tayari, na zile za kuazima, tulizokwisha kuzirudisha, zilikuwa za kukanyaga kwa miguu, zote nne zimeganda kwa kutu. Bila fidia ya bima hapakuwa na cherehani, na bila cherehani ile shule ingetupotea.

Mkaguzi wa bima alikuwa mtu mwembamba wa miwani, mpole kupita kiasi. Alivua viatu mlangoni, akaitazama dari, akaigusa cherehani, akaandika. Tukadhani kazi yake imekwisha. Ndipo akatoa simu yake mfukoni na kutuonyesha ile video.

"Mama, naomba kujua tu," alisema. "Hizi nne nyingine ziko wapi? Na hawa mafundi?"

Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba ama fomu inasema uongo, ama video. Kama ni fomu, hakuna fidia.  Mke wangu alisema cherehani zilikuwa za kuazima.

"Na mafundi?"

"Mmoja ni shangazi."

"Na hawa wanne?"

Mke wangu akaninyooshea kidole.

Mkaguzi alinitazama, akaitazama simu, kisha akaniomba nigeuke. Nina kovu kisogoni, nililopata nilipoanguka na ngazi kazini. Akasimama nyuma yangu akiisogeza video polepole. Wa mistari, ni wewe. Wa buluu, ni wewe. Wa kijani, ni wewe pia. Kwa msimamizi akasita, akasema huyu anaonekana mnene zaidi. Ikabidi shati la baba mkwe litafutwe kabatini, nivae, nikae mbele ya mashine iliyoungua na kujifanya nashona. Hata daktari hajawahi kuukagua mgongo wangu namna ile.

Shangazi naye aliitwa kutoa ushahidi. Akasema yeye ndiye idara nzima ya vifungo, na kwamba kopo lilikuwa tupu. Kisha akanitazama na lile shati. "Mwanangu huyu hajawahi kusema mbele za watu tangu azaliwe," alimwambia mkaguzi. "Leo anaongea kwa mgongo."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta muda mrefu, mabega yakimtikisika. Alipotulia alisema yeye ameamini, lakini wakubwa wake wataweka maelezo yake kando na kutazama video. Heri mama akanushe huko huko mtandaoni.

Hapo ndipo palipouma, maana mwalimu mkuu wa ile shule ya sketi alikuwa mfuasi wa ukurasa wake. Mke wangu akisema kweli, huenda sketi zikaondoka. Akinyamaza, fidia haiji. Alikaa kwenye ukingo wa meza, akapapasa vile vitambaa vilivyokatwa.

"Bila cherehani hata uongo wangu hauna pa kukaa," alisema. "Baba, safari hii utageuka."

Aliitegemeza simu kwenye pasi. Akaonyesha chumba kilivyo, na dari, na mashine, akasema fundi ni yeye peke yake na wengine wanne ni mumewe. Nikageuka. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema, "Ndiyo mimi," basi.

Watu walicheka siku mbili mfululizo huko mtandaoni. Siku ya tatu mwalimu mkuu alipiga simu, akauliza kama mafundi sita ni mmoja, sketi zitashonwa na nani. Mke wangu alimjibu kwamba zitashonwa na yule yule aliyeshona sampuli waliyoisifia. Mwalimu akasema tushone ishirini, nyingine atazipeleka dukani. Mke wangu alimshukuru, akaweka simu chini, akaenda kulia kidogo jikoni, kisha akarudi kuzihesabu zile ishirini.

Fidia ilitoka wiki iliyofuata. Cherehani mpya ilikuja na fomu mpya ya bima, na mke wangu akaniuliza sasa aandike mafundi wangapi. Nikamwambia yeye ndiye anayejua. Akafikiri, akaandika: fundi mmoja, msaidizi mmoja. Akanisogezea kalamu nitie sahihi, huku mguu wake tayari uko kwenye pedali.