Barua Yenye Jipu

Zamani hizo kule Mgeta barua haikuwa siri ya mtu. Ilipanda mlima ndani ya lori la mboga, ikateremshwa dukani, na pale barazani fundi cherehani aliifungua na kuisoma kwa sauti ya padri. Palipompendeza, aliongeza chumvi.

Ndivyo tulivyopata habari kwamba mume wa mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa akikata mkonge Kilosa, ameota jipu kwenye kalio na anaomba dawa ya mizizi. Jumapili mama yule alipotoka misani, wanawake walimpa pole mmoja mmoja, na wengine wakauliza kama limeshaiva. Aliwajibu kwa adabu. Jumatatu akaja kwenye darasa langu la watu wazima, akakaa mbele kabisa.

"Mwalimu," akaniambia, "barua ijayo naisoma mwenyewe."

Mimi nilikuwa kijana niliyeishia darasa la sita, sina cheti cha ualimu, nina kipande cha chaki na ndoto ya kuwa siku moja mkuu wa shule yenye kengele. Nikamwahidi kwamba baada ya miezi miwili atasoma kama karani.

Miezi miwili ikapita. Wenzake walikuwa wanasoma mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya chumvi. Yeye alisoma ukurasa wa kwanza bila kosa, nikafurahi sana, hadi nilipoona kitabu amekishika juu chini. Kumbe amekariri. Nikimwandikia neno jipya, alisema herufi zinatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu.

Roho iliniuma, maana hakuwa mjinga hata kidogo. Siku ya lori yeye ndiye aliyesimamia matenga ya kijiji kizima. Alipapasa tu kamba ya mgomba iliyofungwa kwenye tenga, akasema hili la fulani, linashuka Morogoro, lina karoti. Fundo la kwanza lilikuwa la mwenye mali, la pili la safari, la tatu la mzigo. Nikamuuliza mbona mafundo hayamtawanyikii.

"Mafundo yana mpango. Neno lako wewe limefungwa ovyo, mwalimu. Sijui mwenyewe nani, wala linakwenda wapi."

Nilirudi nyumbani nikararua boksi la sabuni, nikaandika vipande vya maneno juu yake. Vipande vya mwenyewe nilivikata pembe: ni, u, a, tu. Vya wakati nilivitoboa tundu: na, li, ta, me. Vya kazi niliviacha vipana: rudi, lima, pika. Akawa anavipanga kwenye kamba na kuvipapasa kwa kidole, taratibu, kama anakagua matenga. Ni-ta-rudi. A-me-lima.

Baada ya wiki mbili akaanza kutunga yake. Aliomba kipande kilichoandikwa kabichi, akapanga "ninakabichi". Nilipomwambia hakuna neno kama hilo, alisema yeye tangu alfajiri anang'oa kabichi, anaosha kabichi, anabeba kabichi, sasa maneno mengi ya nini? Darasa zima likaanza kukabichi.

Barua ikaja siku ya lori, baraza limejaa. Fundi alikwishafuta miwani. Mama akanyoosha mkono.

"Nipe barua yangu, fundi."

Akakaa kwenye ngazi, akafunika karatasi kwa jani la kabichi, akawa analisogeza na kufunua kipande kimoja kimoja. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Lori lilipakiwa likaondoka, naye bado yuko mstari wa tatu. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya magunia, nikimwomba Mungu mumewe asiwe ameandika maneno marefu.

Mara mama akatabasamu. Akasoma tena pale pale, akacheka peke yake, kisha akaikunja barua na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Fundi akashindwa kuvumilia. "Anasemaje?"

"Anawasalimu," alisema mama, akajitwisha kikapu chake.

Fundi akarudi kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu, na ilichukua muda kabla hajagundua kwamba hakuna nguo chini ya sindano.