Fundi wa Barua Pepe Zilizogoma

Naweka jogoo wangu dau kwamba hamtaamini, lakini miaka ile ya wakimbizi wa Burundi, shirika letu pale Ngara lilikuwa na fundi wa kompyuta, binti wa kijiji cha Kibimba, hata Ulaya hawana wa kumfikia. Kabla ya kugusa kitu alipuliza vidole, kama mtu anayetoa kiazi kwenye majivu. Kompyuta aliiongelesha Kihangaza, lugha ya kwetu, polepole, kama anambembeleza ng'ombe atulie akamuliwe. Siku hiyo faili la akiba lenye barua pepe za zamani lilikataa kufunguka. Humo ndimo ilimotajwa kambi aliyopelekwa Kwizera, mtoto wa mama Domisiana, mkimbizi aliyepoteana naye, na mama mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni. Fundi hakuligusa faili. Alitoa nakala kwanza. Mimi, mkuu wa jenereta, nikamtania, "Dada, mbona unanakili kama mwanafunzi mvivu?" Akajibu bila kugeuka, "Shemeji, dawa kali naijaribu kwa pacha, mgonjwa namwacha apumzike." Pacha wa kwanza akaharibika. Wa pili naye vilevile. Akapuliza vidole, akatoa wa tatu, akamfungua kipande kipande, na barua zikaanza kutoka kama kumbikumbi baada ya mvua. "Mama," akasema, "Kwizera alipelekwa Kibondo." Mama akavishika vile vidole, asiviachie. Nikalitangazia soko zima kwamba huyo fundi ni wa kwetu. Nilikosea kitu kimoja. Asubuhi ya siku hiyo, kabla fundi hajaanza kazi, nilikuwa nimemwambia mama faili limekufa, arudi zake kambini.