Simu Niliyoogopa Kuikata

Mama na dada yake, mama yangu mkubwa, walinuniana miaka miwili kwa ajili ya pilau. Ndiyo, pilau! Kwenye harusi ya kaka yangu, mama alisema mbele za watu kuwa pilau la dada yake halina chumvi. Basi, mmoja Bagamoyo, mwingine Pangani, salamu hakuna. Sasa binti yangu anaolewa Ijumaa, na kila mmoja ananiambia, "Akija yule, mimi usinihesabu." Walinichosha, wallahi. Mwanangu alikuwa analia kwa ajili ya watu wazima.

Asubuhi ile nilisimama dirishani, maana kwangu hapa Zinga mtandao unashika dirishani tu, namsihi mama mkubwa kwa simu. Mara mama akapiga. Nikampokea, mama mkubwa akabaki anasubiri. Nikataka kumrudia nimwombe radhi, kwani mkubwa haachwi hewani hivi hivi. Kidole changu hiki kisicho na adabu kikabonyeza "unganisha", simu mbili zikawa moja.

Mama ana kawaida yake: sauti ikipotea kidogo tu, huanza salamu upya.

"Asalaam aleykum!"

Nikajua leo nimekwisha. Lakini salamu ile haiachwi bila jibu, hata uwe umenuna vipi.

"Waaleykum salaam," mama mkubwa akajibu, polepole.

Nilimsikia mama akivuta pumzi. "Dada? Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Lile pilau… ulimi uliniponza, dada. Nisamehe."

"Chumvi kweli ilikuwa haba," akasema mama mkubwa. "Nilijua tangu naliepua."

Wakacheka. Miaka miwili, jamani! Nikazima kipaza sauti changu wasisikie ninavyolia. Wao wakaanza kugawana kazi za harusi, nani apike, nani aonje, mimi wameshanisahau. Huku jikoni maharage yakaanza kunuka. Ningekata, wote wawili wangekatika, maana nimewaunganisha mimi. Ningetoka dirishani, mtandao ungepotea. Nikaganda pale pale.

Binti yangu akatoka chumbani mbio. "Mama, maharage yanaungua!"

Nikamziba mdomo kwa kiganja, nimesahau kuwa kipaza sauti nimekizima, nikamwekea simu sikioni. Akawasikia bibi zake wawili wakibishana juu ya chumvi ya Ijumaa. Akakaa chini, kichwa chake kwenye goti langu, simu bado sikioni.

Maharage tukayaacha yaungue.